Redio moja, malori saba

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wa barabarani. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa kosa lililotajwa humo limeshaunguza redio nyingi zilizoishia mezani kwangu hapa Pasua, Moshi, na ningependa nisiione nyingine.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni dereva, naishi Sakina, Arusha. Kampuni yetu ina malori saba na madereva tisa, kwa hiyo hakuna mwenye gari lake. Jumatatu napewa Scania ya saruji kwenda Babati, Alhamisi nakabidhiwa Freightliner ya kwenda Segera, siku nyingine nashika Hilux ya kusindikiza mzigo mpana. Bosi alilipia masafa na leseni, akatupa kila mmoja redio kol yake ya wati 25, na ukiipoteza inakatwa kwenye mshahara. Shida ni kufunga na kufungua. Kila gari nyaya zinaungwa upya. Mwezi uliopita nilichomeka redio kwenye Scania kwa waya uleule uliokuwa ukifanya kazi vizuri kwenye Freightliner, ikatoa moshi. Fundi umeme wa huku anasema dawa ni kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili za Scania. Ni sawa? Na je, naweza kuwa na redio ya kuhama nayo bila kusumbuana na mafundi kila safari?
– Dereva, Sakina

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa redio. Naanza na huo ushauri wa betri moja, maana hata mimi niliwahi kuufuata na nikamuumiza mtu.

Scania, Volvo, Actros, Fuso, Howo, karibu malori yote makubwa yaliyotoka Ulaya, Japani na China, yanatumia volti 24. Ndani ya sanduku la betri kuna mbili za volti 12 zimefungwa kwa kufuatana, chanya ya moja na hasi ya mwenzake. Freightliner na wenzake wa Marekani ni volti 12. Hata ukikuta wana betri tatu au nne zimepangana, zimefungwa sambamba, kwa hiyo nguvu inaongezeka lakini volti hazibadiliki. Hilux nayo ni 12. Redio yako imetengenezwa kwa volti 13.8, yaani gari la volti 12 injini ikiwa inawaka. Ukiichomeka kwenye tundu la chaja la Scania inayonguruma, unaipa volti 28 hivi. Tundu ni lilelile kwa macho, plagi inaingia bila kukwama, na hakuna taa wala kengele ya kukuonya. Harufu ndiyo inayokuja kukuambia.

Sasa betri moja. Miaka ya tisini kulikuwa na mzee mmoja mwenye lori la kubeba mahindi kutoka Babati kuja Moshi. Alitaka redio yake ya volti 12 ifanye kazi kwenye lori la 24, nami nikavuta waya katikati ya betri mbili, pale zinapoungana, nikampa volti 12 safi kabisa. Alinishukuru na akanilipa. Miezi mitatu baadaye, katika safari nyingine, lori likazima Same usiku, likagoma kuwaka, akalala na mzigo wa watu barabarani. Lilipovutwa hadi kwangu nilifungua vifuniko vya betri nikiwa na tochi. Betri ya juu ilikuwa imekauka hadi sahani zake zinaonekana juu ya maji, na ganda lake limetuna ubavuni. Ya chini, ile niliyoinyonya, ilikuwa na maji kama kawaida, lakini tesa ilisoma volti kumi na pointi kidogo. Zote mbili zimekufa, kila moja kwa ugonjwa wake.

Sababu ni hii. Altaneta, ile jenereta ya injini inayochaji betri, haizioni betri mbili. Inaona kitu kimoja tu kinachotakiwa kufika volti 28, na mkondo inaoupeleka unapita kwenye betri zote mbili sawasawa. Ile inayolisha redio inapungua kila siku, kwa hiyo inabaki kwenye volti 13 au chini ya hapo. Ili jumla itimie 28, nyingine inasukumwa hadi 15. Moja inashinda na njaa, nyingine inavimbiwa mpaka maji yake yanachemka na kuondoka. Hata redio ndogo ya muziki inatosha kuleta balaa hilo, itachukua muda zaidi tu. Nilimnunulia yule mzee betri mbili mpya kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo sijavuta tena waya katikati ya betri za mtu. Huyo fundi wako mwambie taratibu, kwa heshima, kwamba hapana.

Redio ya kuhama nayo inawezekana, na nimeshawatengenezea madereva kadhaa. Msingi wake ni mmoja: vitu vyote visivyobadilika vifungwe ndani ya sanduku lako, na ubaki na sehemu mbili tu zinazogusa gari, yaani umeme na antena. Chochote unachokiunga upya kila safari, ipo siku utakiunga vibaya, saa kumi alfajiri, mvua inanyesha, na bosi anapiga simu.

Sanduku langu ni la mbao, sentimita 30 kwa 22, kina 15. Bati linafaa pia, lakini mbao hailii kwenye rasta za barabara na haigusani na waya uliochubuka. Redio imefungwa kwa bano lake la kiwandani na skrubu nne. Nyuma yake kuna konvata, yaani kifaa cha kubadilisha volti, na pembeni pana matundu ya hewa yenye upana wa kidole, kwa sababu redio ya wati 25 ikisema kwa muda mrefu inapata moto kweli. Spika iangalie juu, kwako, isiangalie sakafu. Maiki iwe na ndoano yake ubavuni mwa sanduku ili mkono uijue bila macho kutoka barabarani.

Konvata ndiyo roho ya sanduku, na hapo wengi wananunua isiyo sahihi. Dukani utapewa ya kushusha 24 kuwa 12. Kwenye Scania itakwenda vizuri. Ukihamia Freightliner, inapokea 12 na haina pa kushushia. Redio itawaka, utasikia watu, lakini ukibonyeza maiki taa inafifia na redio inajizima. Wewe unayehama unahitaji ile inayopandisha na kushusha, inayopokea popote kati ya volti 10 na 32 na kutoa 13.8 daima. Soma kibandiko chake mwenyewe, usikubali maneno ya mdomo. Redio ya wati 25 inavuta ampea 6 hivi inaposema, kwa hiyo konvata iwe ya ampea 10 na kuendelea. Ukiwa na hiyo hata ukisahau umepanda gari gani, redio haitajua tofauti.

Kutoka kwenye konvata upande wa gari weka plagi ya pini mbili isiyoweza kugeuzwa. Hapo unachomeka mkia, yaani waya unaokwenda kwenye umeme wa gari. Mimi natengeneza mikia miwili: mmoja wenye plagi ya tundu la chaja, mwingine wenye vibanio vya betri. Kila mkia una fyuzi yake, na fyuzi inakaa mwanzo wa waya, karibu na umeme unapotoka. Wengi wanaiweka karibu na redio, na waya ukichubuka njiani unawaka moto huku fyuzi ikiwa nzima.

Lakini nikushauri kitu bora zaidi, na hiki mpelekee bosi. Aite fundi umeme mmoja mzuri siku ya Jumapili malori yakiwa uani, awafungie mkia wa kudumu kwenye kila gari, kutoka kwenye boksi la fyuzi hadi karibu na kiti, wenye plagi ileile ya pini mbili. Ni kazi ya siku moja kwa malori saba. Baada ya hapo dereva anaingia, anachomeka, anaondoka. Magari hayatobolewi ovyo, nanyi hamgombani juu ya nani alikata waya wa nani.

Hata ukiwa na konvata nzuri, beba tesa. Ile ndogo ya mfukoni inatosha. Gari la 24 likiwa limezimwa litasoma 25 kasoro, likiwaka 27 na nusu hadi 28 na pointi. Gari la 12 likizimwa ni 12 na nusu hivi, likiwaka ni kati ya 13.8 na 14.4. Ukiona namba isiyofanana na hizo, usichomeke, tafuta kwanza sababu. Baadhi ya malori ya Ulaya yana tundu la pili lililoandikwa 12V. Nalo lipime, na uangalie fyuzi yake, maana mengine ni ya kuchaji simu tu.

Kama siku moja utapewa tenki la mafuta, sanduku lako libaki nyumbani mpaka umeulizia. Gari la mafuta lina taratibu zake za umeme na swichi yake kuu ya betri. Usiongeze waya wowote kwa mkono wako, na usibonyeze maiki sehemu ya kupakia au kushusha. Hapo sina mjadala.

Antena sasa. Redio bila antena nzuri ni sanduku la kupasha joto tu. Masafa ya redio kol za kampuni kwa kawaida yako kwenye VHF, kati ya megahezi 136 na 174. Kanuni ya urefu ni rahisi: gawanya 75 kwa megahezi zako, unapata mita za robo wimbi, ndio urefu wa fimbo ya antena. Kwa megahezi 150 ni nusu mita. Fimbo fupi namna hiyo inabebeka, na ikiwa na kitako cha sumaku unaiweka juu ya kichwa cha gari na kuiondoa unavyotaka.

Tatizo ni kwamba unahama paa tatu. Scania na Hilux ni chuma, sumaku inashika. Lakini kichwa cha Freightliner kwa kawaida ni alumini, na zile pembe za juu za kukatia upepo ni faiba. Sumaku haishiki hata kimoja kati ya hivyo. Nimewaona vijana wakiifunga antena kwa selotepu juu ya faiba na kushangaa mbona hawasikiki. Antena ya robo wimbi inahitaji bati pana chini yake. Bati hilo ni nusu ya pili ya antena, na bila hilo umesimama kwa mguu mmoja. Kwa Freightliner beba kibanio cha chuma cha kufunga kwenye mkono wa kioo cha pembeni. Kabla ya kukiamini, gusa kibanio kwa ncha moja ya tesa na bodi ya gari kwa nyingine, uone kama kuna eathi. Mikono mingi ya vioo imekaa juu ya mpira na rangi, na milango imening'inia kwenye bawaba zenye grisi, kwa hiyo chuma unachokiona hakijaungana na kichwa cha gari. Kipande cha waya mpana uliosukwa, kutoka kwenye kibanio hadi boliti ya mlango, kinamaliza hilo.

Paani kwenye Scania, futa vumbi kabla ya kuweka sumaku. Vumbi likikaa katikati, sumaku inateleza kwenye matuta na kusaga rangi ya watu, na umbali kati ya kitako na bati unaongezeka. Weka katikati ya paa kadiri unavyoweza kufika.

Halafu kuna kebo, na hapa nataka ukae nami kidogo. Wiki iliyopita dereva mmoja aliniletea antena akisema imezeeka. Antena ilikuwa nzima. Nilichukua wembe nikapasua kebo yake pale ambapo mlango ulikuwa ukiibana kila siku kwa nusu mwaka. Ganda la nje lilikuwa limepasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Nyuzi za shaba zilizosukwa, zile zinazofunika waya wa kati, zilikuwa zimekatika upande mmoja, na zilizobaki zimegeuka kijani kwa maji ya mvua yaliyoingia na kutambaa ndani karibu shibiri nzima. Plastiki nyeupe ya katikati, inayotakiwa kuwa mviringo, ilikuwa bapa kama utepe. Kebo hiyo ina kipimo cha ohmu 50 kwa sababu ya umbali ulio sawa kati ya waya wa ndani na zile nyuzi. Ukiibana, umevunja kipimo hicho, na sehemu ya nguvu inarudi kwenye redio badala ya kwenda hewani. Redio inachemka na wenzako hawakusikii.

Pitisha kebo upande wa bawaba, chini, ambako mpira wa mlango ni mnene na pengo ni kubwa, kamwe isipite upande wa kitasa. Nje, kabla haijaingia, iache ining'inie kidogo kama kitanzi ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani. Ndani usiizungushe kwenye lundo la nyaya za konvata. Na kila unapohama, kabla ya safari, pima mrudisho, yaani nguvu inayorudi kwenye redio, kwa mita ya SWR. Ikisoma 1.5 au chini yake, nenda zako. Ikifika 2, kagua kitako na plagi. Ikipita 3, usibonyeze maiki mpaka umepata kosa, maana redio yako ndiyo itakayolipa. Mita hiyo mnaweza kuchangia madereva wote tisa ikakaa ofisini.

Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwa mguu wako wa mafuta, huo ni wa altaneta. Ukisikia mchakacho usiobadilika hata injini ikizimwa, ni konvata. Jaribu redio kwa muda mfupi kwenye betri ya gari la volti 12 bila konvata. Ukipotea, umemjua mchawi. Pete za feraiti, zile nyeusi za kuzuia kelele, zikivishwa kwenye nyaya za konvata husaidia sana, na kusogeza kebo ya antena mbali husaidia zaidi.

Mwisho kwako: fungeni sanduku. Mkanda wa kiti cha abiria unatosha, upite juu yake na ukazwe. Sanduku la kilo nne juu ya dashibodi ni jiwe linalosubiri breki ya ghafla pale Kikatiti.

BARUA YA PILI

Mzee, mimi ni utingo, niko Himo. Tajiri ametupa redio kol ya mkononi ya wati 5. Tukiwa ndani ya gari tunawasikia wenzetu waliotangulia vizuri kabisa, lakini wao wanasema hawatusikii. Tukishuka nje wanatusikia. Redio ina kasoro?
– Utingo, Himo

Redio yako ni nzima, kijana wangu, na umeshalijibu swali mwenyewe pale uliposema mkishuka mnasikika. Kichwa cha lori ni sanduku la chuma. Kaantena ka mpira ndani yake kanapiga kelele ndani ya debe. Unawasikia wao kwa sababu nadhani wana redio za wati 25 zenye antena juu ya paa, kwa hiyo sauti yao ina nguvu ya kupenya hadi kwako. Yako ya wati 5 haina nguvu ya kutoka.

Usikimbilie kununua redio kubwa. Tafuta antena ya sumaku ya VHF na kiunganishi kinacholingana na tundu la redio yako. Peleka redio yenyewe dukani, kwa sababu viunganishi hivyo vidogo ni vya kiume na vya kike na vinachanganya. Wati 5 zilizofika paani zinashinda wati 25 zilizofungiwa ndani. Kwenye tambarare ya kutoka Mwanga kwenda Same mtaongea na gari lililo kilomita kumi mbele, pengine zaidi. Kona za milimani hazitaruhusu hivyo, kwa sababu VHF inakwenda karibu kama mwanga, na mlima ukisimama kati yenu mazungumzo yamekwisha mpaka mmoja wenu apinde kona.

Jambo dogo la pili: kebo ya antena ni nzito kwa kitundu cha redio ya mkononi. Ifunge kwa mpira ubavuni mwa redio ili isivute. Nimebadilisha vitundu vingi vilivyong'olewa hivyo.

BARUA YA TATU

Shikamoo babu. Binamu yangu anaendesha lori Marekani. Ana redio ya CB kwenye begi, anahama nayo gari hadi gari, na anaongea na dereva yeyote anayekutana naye bila kulipia chochote. Ameahidi kuniletea moja akija Boma Ng'ombe Desemba. Itafanya kazi huku?
– Dereva mwenye hamu, Boma Ng'ombe

Marahaba mjukuu wangu. Mshukuru binamu, lakini mpigie simu kabla hajanunua.

CB ya Marekani ina chaneli 40 kwenye megahezi 27, kuanzia 26.965 hadi 27.405. Ilianza na chaneli 23, zikaongezwa kuwa 40 mwaka 1977. Madereva wa malori waliipenda sana baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, kwa kuulizana kituo gani kina dizeli na wapi askari wamejificha na mwendo ukiwa umepunguzwa. Chaneli ya 9 imetengwa kwa dharura, na 19 ndiyo madereva wanayokutania kwa mazoea. Nguvu ya kawaida haizidi wati 4. Kule sheria inamruhusu kila mtu kuitumia bila leseni ya mtu binafsi, ndiyo maana binamu yako halipi.

Ruhusa hiyo ni ya kwao. Hapa Tanzania masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kifaa cha kurusha mawimbi kinahitaji ruhusa yao. Waulize kabla, kwa maandishi, ukiwataja masafa na aina ya kifaa. Usikubali kukuta mzigo wako umeshikiliwa uwanja wa ndege wa KIA, au wewe umeshikiliwa barabarani. Na ukivuka Holili au Namanga unaingia nchi yenye mamlaka yake nyingine.

Kuna la pili, ambalo ni la moyoni zaidi. CB ni tamu kwa sababu kule ukifungua chaneli ya 19 kuna watu. Ukiwasha hapa kati ya Boma Ng'ombe na Usa River utamwita nani? Redio ni ya watu wawili. Kama unataka sauti ya wenzako, wahimize madereva wa kampuni yenu muombe masafa ya pamoja kama alivyofanya bosi wa yule wa Sakina.

Lakini begi lake mwombe akupigie picha, ndani na nje. Malori ya huko ni ya volti 12 yote anayohamia, kwa hiyo hana mateso yako ya 24, na robo wimbi la megahezi 27 ni karibu mita mbili na robo tatu, ndiyo maana utaona fimbo yake imezungushiwa waya ili ifupishwe. Namna alivyopanga kebo na maiki yake inaweza kukufundisha kitu.

BARUA YA NNE

Kaka Fundi, salamu kutoka Kiboriloni. Mume wangu ni dereva wa lori la Kijapani, wanabadilishana magari na wenzake. Akilala mpakani anaacha redio ya gari ikiwa wazi usiku kucha kwa ajili ya taarifa na mpira. Mara mbili mwezi huu gari limegoma kuwaka asubuhi, na bosi anamlaumu yeye. Nataka kumnunulia redio ndogo yake. Ninunue ipi?
– Mama wa Kiboriloni

Dada yangu, salamu nimepokea. Mnunulie ndogo inayotumia betri za kawaida za kuchaji au yenye betri inayotolewa, na iwe na bendi ya AM pamoja na FM. FM ni nzuri mjini, lakini akishapita milima ya Upare stesheni za Moshi zinakatika moja baada ya nyingine. Mawimbi ya kati ya AM usiku hurudi kutoka juu angani na kufika mbali sana, na dereva aliyelala mpakani atayashukuru. Redio ya aina hiyo inakula umeme kidogo mno, betri moja inampeleka siku kadhaa. Aitundike mbali na dirisha lenye fremu ya chuma akiweza, na antena yake aivute yote.

Ila nina wasiwasi na hilo gari, na sidhani kosa ni la mumeo. Redio ya gari peke yake, hata ikiimba usiku mzima, haitakiwi kuzimaliza betri mbili nzima za lori mpaka lishindwe kuwaka. Betri hizo ama zimechoka, ama kuna mtu amefunga redio ya volti 12 kwa kuchukua umeme kwenye betri moja, lile jambo nililolieleza kwenye barua ya kwanza. Kwa kuwa wanabadilishana magari, huenda hata hajui nani alifunga.

Mwambie hivi. Kesho alfajiri, kabla hajawasha, afungue sanduku la betri na apime kila moja peke yake, asipime zote kwa pamoja. Aandike namba mbili kwenye karatasi. Halafu atazame pale betri zinapoungana: kama pana waya mwembamba umeongezwa, aufuate kwa mkono hadi aone unakokwenda. Zikipishana kwa nusu volti au zaidi na huo waya upo, apige picha waya huo na ile karatasi, ampelekee bosi kabla hajalaumiwa mara ya tatu. Akipita Moshi, gari aliegeshe hapa kwangu Pasua. Kuung'oa waya huo sitamtoza.